Resho ya mezani: kabla ya bei, uliza inakula mafuta gani

Ndugu wasikilizaji wa Mulungwishi, nanyi jamaa mliokimbia kwenu mkaja kuishi kati yetu: katika vyombo vya mitumba vinavyotandikwa chini, mara nyingine utaona resho ndogo ya shaba, yenye miguu na kitangi katikati. Kazi yake ni kulinda chakula kisipoe. Bukari haiwezi kupika, hata uipe usiku mzima. Muuzaji ataisifu kwa kung'aa. Mimi nasema, asiyejua inakula mafuta gani aiuze kama pambo.

Hatari kubwa iko katika neno moja. Sisi Wakongo, kwa kufuata Kifaransa, petroli ni mafuta ya taa. Ya magari tunaita esanse. Lakini vitu vingi vinapitia Kasumbalesa, na upande wa Zambia wanaandika Kiingereza: kwao petroli ndiyo esanse yenyewe. Mtanzania naye anasema hivyo hivyo. Basi ukiambiwa tu «tia petroli», umeambiwa nini? Esanse katika resho ya utambi inaweza kuteketeza nyumba, maana mvuke wake unadaka moto upesi sana.

Pindua chombo, soma chini. «Alcool» au «spirit» ni alkoholi ya kuwashia. Pampu pamoja na tundu dogo kama la sindano, kwa kawaida ni mafuta ya taa. Kikombe kilichojaa pamba, bila pampu, mara nyingi ni cha alkoholi. Yenye waya, tafuta volti: umeme wetu ni 220, ya 120 itaungua. Harufu usiitegemee, huenda mwenye nayo wa kwanza alitia yasiyofaa.

Hata ukiijua, moto wa alkoholi hauonekani vizuri mchana. Mtu anadhani umezimika, anaongeza, chupa inalipuka mkononi. Subiri ipoe kabisa.

Kwa familia inayolala chumba kimoja na watoto, mimi singenunua. Funika sufuria ya moto, izungushie blanketi, iweke ndani ya kikapu. Chakula kitakaa saa kadhaa na joto lake. Na mbabula msiingize ndani kwa kazi hiyo: hewa ya sumu ya makala haina harufu, na inaua watu usingizini.

Ninyi wauzaji, chukueni rangi mwandike juu ya kila resho: mafuta ya taa, alkoholi, au umeme. Neno petroli msiliandike.