Darubini bora ining'inie shingo ya nani?

KIBARAZA CHA IJUMAA
Na Salma Mwinyihaji

Nenda langoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pale Gede, saa kumi na mbili asubuhi msimu wa wageni wa kuangalia ndege, uangalie shingo za watu. Mgeni aliye nchini kwa wiki mbili amevaa darubini ya dola 3,000. Kijana anayemwongoza, ambaye msitu huo ni kazi yake Januari hadi Disemba, ana darubini iliyolegea bawaba, lenzi moja imeingia ukungu kwa ndani, na mkanda wake ni kamba ya kiatu. Na huyo wa kamba ya kiatu ndiye anayelipwa amwone ndege kwanza.

Mimi hali hiyo inaniudhi, na leo nitasema kwa nini. Lakini kwanza niwatetee hao wa dola 3,000, maana wapo wasomaji watakaosema ni wazungu wanalipia jina.

Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila unapogonga uso wake, na ndani ya darubini mwanga hupita nyuso kumi na zaidi kabla ya kufika jichoni. Fanya hesabu uone kinachobaki. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mtaalamu wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alivumbua utando mwembamba wa kupaka kioo ili kipitishe mwanga badala ya kuurudisha. Leo darubini za daraja la juu, za Zeiss, za Leica au za Swarovski Optik ya Austria, hupitisha asilimia 90 na ushee. Mwaka 1988 Zeiss wakaja na utando mwingine, wa kwenye prizimu, unaosawazisha mawimbi ya mwanga yaliyopishana humo ndani, na ndipo darubini nyembamba za mirija iliyonyooka zilipoanza kutoa picha kali kama zile pana za zamani. Ongeza vioo maalumu vinavyozuia rangi zisitawanyike. Ukitaka kujua kama darubini unayouziwa ina vioo hivyo, toka nje ya duka, uilenge kwenye waya wa stima ulio mbele ya anga nyeupe. Waya ukiota mstari wa zambarau ubavuni, mwenye duka umemjua.

Zile za mitaani zenye lenzi nyekundu kama taa za breki, zilizoandikwa 30x60 kwa herufi kubwa, sina haja ya kuzijadili sana. Wekundu unaouona ukimetameta mbele ya lenzi ni mwanga uliokataliwa kuingia, kwa hiyo ulimwengu wa ndani unakuwa na ukijani. Mvizie kulukulu wa Sokoke kwa darubini ya aina hiyo, aruke mbele yako, na wekundu wa mabawa yake, ambao ndio fahari yake yote, utaukosa.

Sasa namba zinazoandikwa kwenye darubini. Watu wakiingia dukani huuliza jambo moja tu: inavuta mara ngapi? Namba ya kwanza ndiyo hiyo ya kuvuta. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na ndiyo ninayokuomba uiangalie kwa makini. Igawe ya pili kwa ya kwanza. Darubini ya 8x42 itakupa 5.25, na ya 10x42 itakupa 4.2. Hizo ni milimita za duara la mwanga linalotoka nyuma kuja kwenye mboni yako. Ishike darubini mbali na uso, mkono umenyooka, uielekeze kwenye anga, na utaliona duara lenyewe: doa jeupe lililokaa katikati ya lenzi ya nyuma. Mchana wa jua kali mboni yako imejikunja, doa lolote linatosha. Alfajiri chini ya miti mboni imefunguka, kwa kijana hadi milimita 7 hivi, na hapo ile ya 8x42 inakupa mwanga wa kama mara moja na nusu ya ule wa 10x42. Ndege wa msituni wanaimba na kujionyesha alfajiri. Saa nne ukifika wewe, wamenyamaza.

Tena mara kumi ni mara kumi ya kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mikono. Mtu aliyepanda hadi msitu wa Amani, Tanzania, kwa miguu, moyo ukimdunda, atamwona chozi akicheza dansi hata kama ametulia kwenye ua. Namba kubwa ina mahali pake. Kule kwenye hori la Mida, maji ya bahari yakishatoka na ndege chekeamwezi wametapakaa kwenye tope mbali huko, ya mara kumi inasaidia, na aliye makini hubeba ile ndefu ya jicho moja na miguu mitatu. Serengeti ukiwa garini na injini imezimwa, sawa pia. Lakini jua likishapanda na hewa ikaanza kucheza juu ya ardhi, darubini ya bei yoyote itakuonyesha joto, si ndege.

Mwaka 2024 Swarovski Optik walitoa darubini inayokutajia jina la ndege. AX Visio, iliyouzwa karibu dola 4,800 ilipotoka, inatambua aina zaidi ya 9,000. Magazeti ya ng'ambo yalisisimka, na wako walioniuliza kama kazi ya waongozaji imekwisha. Mimi niliangalia namba: 10x32. Doa la milimita 3.2, uzito zaidi ya kilo moja. Mashine iliyosoma hivyo itakuwa ya kwanza kushindwa na giza la msitu wetu asubuhi, na bado lazima mtu ajue kwanza sauti ya ndege inatoka kichaka gani.

Kuna jambo la sura ambalo wauzaji hawalitaji. Ukivaa miwani, jicho lako linakaa nyuma zaidi, na darubini isiyotoa nafasi ya milimita 16 au 17 hivi kati ya lenzi na jicho itakupa picha ya tundu la ufunguo. Mwenye macho yaliyokaribiana, na wanawake wengi tumo, atakuta baadhi ya hizi kubwa haziji pamoja kiasi cha kutosha, atabaki na vivuli vyeusi vya mwezi mwandamo kila upande. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuchagulia. Ivae shingoni dukani dakika ishirini, muuzaji anune akitaka. Ile ya Swarovski ya NL Pure 8x42 ina gramu 840, na gramu hizo saa sita mchana si zile za saa moja asubuhi.

Je, wewe msomaji unayetoka na watoto mara moja kwa mwezi utoe dola 3,000, yaani kama shilingi 390,000 za Kenya? Hapana. Kwa dola 400 hadi 500 utapata darubini ya heshima, kwa mfano Nikon Monarch M7, iliyozibwa na kujazwa naitrojeni. Kwetu pwani hilo la kuzibwa lina uzito kuliko jina lolote, maana unyevu ukiingia kuvu huota juu ya kioo na kuula ule utando niliousifu hapo juu. Tofauti ya pesa kati ya hiyo na ya dola 3,000 ni mara sita. Tofauti ya picha si mara sita wala mara mbili. Unachonunua pale juu ni ukali unaofika hadi pembezoni, uwanja mpana (NL Pure ya 8x42 inakuonyesha mita 159 kwa umbali wa mita 1,000), na macho yasiyochoka baada ya saa nane za kazi.

Saa nane za kazi ni za nani? Narudi kwa kijana wetu. Bundi mdogo wa Sokoke hafiki sentimita 20 kwa urefu, ana uzito wa gramu 50 hivi, na mchana hulala ndani ya vichaka vilivyosukana, rangi yake na ya majani makavu ni moja. Ukiondoa hapa, anajulikana sehemu chache tu, kama vilima vya Usambara Mashariki. Watu wanavuka bahari kwa ajili yake. Mwongozaji hupitia kichaka kimoja kimoja katika mwanga hafifu, akitafuta ncha ya sikio au jicho lililofumbwa nusu, na akishampata humkabidhi mgeni ndege aliyekwisha tafutwa. Kumwangalia bundi uliyeonyeshwa, hata ile ya dola 450 inatosha. Kumtafuta ndiko kunakotaka kioo cha dola 3,000.

Kampuni za utalii zinajua kununua. Gari la mamilioni lenye paa la kufunguka linaingia kwenye bajeti bila mjadala, friji ya soda vilevile. Darubini ya mwongozaji inahesabiwa mali yake binafsi, ajitafutie, au asubiri mgeni mwenye huruma amwachie kuukuu akiondoka. Nimewahi kumwuliza mwenye kampuni mmoja kwa nini, akanijibu kwamba vijana watazipoteza. Vijana hao hao anawakabidhi funguo za Land Cruiser.

Si lazima iwe zawadi. Kampuni inunue, kijana akatwe kidogo kidogo kwa misimu mitatu, ikiisha kulipwa iwe yake aondoke nayo hata akihamia kwa mshindani. Isiwe mpya kama fedha ni kidogo: wageni wengi hubadilisha darubini kila toleo jipya likitoka, na Swarovski EL iliyotumika, ikiwa haina kuvu, bado inazishinda mpya nyingi. Isiwe ya mara kumi, nimeshasema. Na aichague mwenyewe, kwa macho yake.

Chekeamwezi wa kutoka kaskazini huanza kutua Mida kuanzia Agosti, na wageni wao huwafuata kuanzia Oktoba. Mwenye kampuni anayesoma hapa aagize kabla ya hapo.