Gitaa la Besi la Bei Nafuu: Kipi Kitengenezwe Kwanza

Nyumba za askari hazina siri. Katika Divisheni ya Industrial, jijini Mbale, chini ya mlima Wanale, jirani hujua nani amekaanga samaki na nani bado anadaiwa ada ya shule. Hujua pia nyumba ya koplo iliyo na gitaa la besi, kwani kila jioni, kabla ya noti ya kwanza kupigwa, husikika mvumo mzito kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Mfano wa koplo huyo na watu wake wafaa kutazamwa, maana nyumba za namna hiyo si chache siku hizi. Zamani gitaa la umeme halikuwa chombo cha kutundikwa ukutani kwa askari. Lilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa mali ya idara. Huko Tanzania, Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa zote zilijulikana kwa jina la waajiri wao kabla ya kujulikana kwa jina la wapigaji. Gitaa lilipoharibika, aliyesumbuka alikuwa mkuu wa stoo. Leo magitaa ya bei nafuu yanatoka katika viwanda vya China na Indonesia, na mzazi anayejibana kwa miezi kadhaa aweza kumnunulia mwanawe. Gitaa likiharibika, anayesumbuka ni mama wa nyumba.

Kijana wa koplo hupiga besi kanisani, na mara kwa mara huitwa kwenye harusi na sherehe za utambulisho. Miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo ni miaka ya imbalu, kazi huongezeka, kwani baada ya ngoma za kadodi kupita barabarani kutwa nzima, watu wenye uwezo hupenda kualika bendi usiku. Kila kazi huleta nyumbani fedha kidogo, na hizo kidogo zimekuwa zikinunua madaftari ya wadogo zake. Basi kiongozi wa bendi alipomwambia kijana kwamba gitaa lile linavuma mno, na kwamba atafute namna au atafutwe mpiga besi mwingine, jambo hilo halikuwa la muziki peke yake.

Fundi aliitwa. Akalitazama gitaa, akaguna, akasema dawa yake ni mbili: kubadilisha pikapu zote na kutia priampu. Bei aliyoitaja ilikaribia ile iliyonunuliwa gitaa lenyewe. Koplo alikuwa tayari kukopa. Mke wake, ambaye ndiye mtunza hazina, aliuliza swali moja tu: "Fundi, ukivibadilisha vyote viwili na bado likavuma, itakuwaje?"

"Mama, hapo tutatazama."

"Basi tutazame kwanza."

Swali la mama huyo lilikuwa na akili nyingi kuliko jibu la fundi, na ili kulijibu yapasa kujua gitaa la besi linavyofanya kazi.

Pikapu inayosemwa hapa si gari la kubebea ndizi. Ni kijisanduku kilichokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku ndani yake, na sumaku hiyo imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilikabadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya pikapu huibadilisha nguvu ile ya sumaku, na umeme mdogo sana hupita kwenda kwenye amplifaya. Hiyo ndiyo kazi yote ya pikapu. Priampu nayo ni kikuza sauti kidogo kinachowekwa ndani ya tumbo la gitaa, aghalabu kikiendeshwa na betri ya volti 9, ili kuutia nguvu umeme ule mdogo na kumpa mpigaji uwezo wa kuongeza au kupunguza sauti nene na sauti nyembamba.

Kutokana na maelezo hayo yaonekana mara moja kwamba priampu haiwezi kuponya mvumo. Itaukuza pamoja na noti. Kama pikapu imeokota takataka, priampu itazipaza takataka zile zile kwa sauti safi zaidi.

Je, mvumo huo hutoka wapi? Umeme wa majumbani nchini Uganda huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili ya pikapu haichagui: huokota mtikisiko wa uzi, huokota pia umeme ulio hewani. Kwa bahati mbaya noti ya G katika uzi mnene wa besi, yaani ukibonyeza nafasi ya tatu, hutikisika mara 49 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo wa umeme hukaa pale pale besi inapofanyia kazi yake, na msikilizaji huona kana kwamba mpigaji amekosea. Katika divisheni yenye vinu vya kusaga, mashine za kuchomelea vyuma na taa ndefu za mirija, umeme huo wa hewani haukosekani.

Lakini kelele za gitaa si za aina moja, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Ipo kelele kali ya kukwaruza, kama ya nzi, ambayo hupungua mpigaji anapogusa nyuzi kwa kiganja. Hiyo huingia kwa sababu tumbo la gitaa halikuzibwa, na mwili wa mtu umekuwa kama antena. Na upo mvumo mzito ambao haujali kuguswa nyuzi, bali hubadilika mpigaji anapogeuka. Huo umeingia katika koili yenyewe kwa njia ya sumaku, na hauzuiliwi na kizuizi chepesi cha karatasi.

Jaribio lake halihitaji fundi wala senti. Kwanza waya wa gitaa ubadilishwe kwa mwingine ulio mzima, maana mara nyingi mgonjwa ni waya. Kisha gitaa jingine lichomekwe kwenye amplifaya ile ile. Likivuma nalo, gitaa la kwanza limesingiziwa. Kisha mpigaji asimame mbali kidogo na amplifaya, afungue sauti, asipige kitu, aguse nyuzi na kuziachia, halafu ageuke polepole mpaka amalize mzunguko, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio ya mbali. Kijana wa koplo alifanya hivyo sebuleni, wadogo zake wakimcheka. Alipogusa nyuzi, kukwaruza kulipungua. Alipogeuka kuelekea mlangoni, mvumo ulififia. Alipogeuka kuelekea ukuta wenye mita ya umeme, ulirudi. Kumbe gitaa lilikuwa na maradhi mawili.

Kabla ya kuendelea, liko jambo ambalo halina mzaha. Mpigaji akihisi kutekenywa na umeme anapogusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja, kazi isimamishwe pale pale. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na mwili wa chuma wa amplifaya kupitia waya. Kama amplifaya haikuunganishwa na ardhi, na ndani yake mna hitilafu, mpigaji ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Mwaka 1972, mjini Swansea huko Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi. Katika plagi ya miguu mitatu inayotumika Uganda, mguu mrefu wa juu ndio wa ardhi. Kuukata, au kuchomeka nyaya tupu kwa njiti za kiberiti kama ifanywavyo kwenye jenereta za sherehe, ni kumtegea mtoto wa mtu. Wako wanaokata waya wa ardhi makusudi ili mvumo upungue. Hao wasiruhusiwe kusogea karibu na jukwaa.

Maradhi ya kwanza ya gitaa la kijana, lile la kukwaruza, yalitibiwa kwa kazi ya mchana mmoja. Nyuzi zilitolewa, kifuniko kikafunguliwa, na tumbo la gitaa likabandikwa ndani karatasi ya shaba yenye gundi, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake, kisha karatasi hiyo ikaunganishwa na waya wa ardhi. Anayekosa shaba aweza kutumia karatasi ya alumini inayofungiwa nyama ya kuoka, iliyo jikoni; kasoro yake ni kwamba alumini haishiki risasi ya kulehemu kwa urahisi, hivyo waya wake hubanwa kwa skrubu. Uangalifu wenyewe ni mmoja: karatasi isiguse ncha ya moto ya tundu la jeki, la sivyo gitaa litakuwa bubu. Wakati huo huo ilionekana kwamba waya mdogo unaopita chini ya daraja la nyuzi ulikuwa umeshikwa na risasi kidogo mno. Ukalehemiwa upya.

Jioni ile kukwaruza kulikuwa kumekwisha. Mvumo ulibaki, lakini sasa ulijulikana jina.

Historia ya dawa yake ni ya zamani kidogo. Leo Fender wa Marekani alitoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, likiwa na koili moja iliyovuma kama koili zote za peke yake. Mwaka 1957 aliigawa pikapu hiyo vipande viwili, kimoja kwa nyuzi mbili nene na kingine kwa nyuzi mbili nyembamba, vikiwa vimepangwa kinyume kwa kinyume, hata mvumo unaoingia huku unafutwa na unaoingia kule, ilhali sauti ya uzi inabaki. Jazz Bass ya mwaka 1960 ilirudi kwenye koili moja moja, pikapu mbili. Hizo zikifunguliwa zote sawasawa mvumo hupungua, moja ikipunguzwa mvumo hurudi. Magitaa mengi ya bei nafuu ni nakala za mojawapo ya hayo mawili.

La kijana lilikuwa nakala ya Jazz Bass, na zimo sokoni pikapu zenye umbo hilo kwa nje lakini ndani zina koili mbili. Ndizo zilizotafutwa. Hapa kipimo ni muhimu kuliko jina la kampuni. Katika Jazz Bass ya kawaida pikapu ya shingoni ni fupi kuliko ya darajani kwa milimita 3 hivi, na viwanda vya bei nafuu mara nyingine huweka mbili zilizo sawa, au za kipimo chao wenyewe. Anayenunua bila kupima kwa rula huishia kuchonga ubao kwa patasi, na ubao ukishachongwa haurudi. Picha ya nyaya ipigwe kwa simu kabla ya kulehemua chochote. Pikapu mpya zikishakaa, kimo chake kirekebishwe: uzi ukibonyezwa mwisho kabisa wa shingo, nafasi kati yake na pikapu iwe milimita 2 au 3. Sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi, na noti hupinda.

Fundi akipima koili kwa mita na kusoma ohmu 7,000 au 8,000, hajapima uzuri wake. Amejua tu kwamba waya haujakatika. Jambo hili lafaa kukumbukwa hasa na wanaonunua magitaa yaliyotumika, maana tangu mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipoingia majumbani na kuua watu, si kila chombo cha umeme kinachouzwa mjini kimeishi maisha makavu.

Na priampu? Si kwamba ni kitu kibaya. Gitaa la StingRay la mwaka 1976 lilijipatia sifa kwa ajili yake. Kanisa lisilo na amplifaya ya besi, ambalo huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, lina haja nayo ya kweli: pikapu ya kawaida hutaka kuingia mahali penye ukinzani wa ohmu milioni 1 hivi, na njia ya kawaida ya miksa huwa na ohmu elfu chache tu, hivyo sauti hufika imedhoofu na kupoteza makali. Lakini penye amplifaya yake, vidhibiti vya sauti nene na nyembamba vimo tayari, na mnunuzi atakuwa amenunua kitu kile kile mara mbili.

Betri nayo ina hesabu yake. Katika magitaa mengi yenye priampu betri huanza kuliwa jeki inapochomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Priampu inayotumia miliampea 1, kwa betri ya alikali yenye takriban miliampea-saa 500, itaimaliza katika majuma matatu ya kuachwa ikiwa imechomekwa. Betri za bei ya chini huisha mapema zaidi.

Nyumbani kwa koplo priampu haijanunuliwa. Pikapu za zamani mama wa nyumba hakukubali zitupwe. Alizifunga katika karatasi na kuzitia ndani ya kopo la vifungo, kwa hoja kwamba siku gitaa litakapouzwa zitarudishwa zile za kiwandani, na nzuri zitahamia gitaa lijalo. Kijana yumo tena kwenye bendi, na jirani sasa hulalamikia jambo jingine: kwamba hurudia wimbo mmoja.