Usibadilishe pampu kabla ya kuangalia tenki

Jamani, hili jambo limenichosha. Hapa Olympic matatu ya dizeli ikianza kukosa nguvu mlimani, neno la kwanza utakalosikia ni "pampu". Pampu inafunguliwa, inapelekwa mjini, gari linalala siku tatu, dereva na konda hawana kazi. Jirani yangu aliambiwa na gereji moja anunue pampu nyingine. Kumbe tundu la hewa la kifuniko cha tenki lilikuwa limeziba! Hewa isipoingia tenkini, dizeli nayo haitoki.

Sisi tunaoandika programu tuna desturi moja. Programu ikigoma hatuiandiki upya. Tunaigawa katikati, tunauliza ubovu uko upande upi, kisha tunagawa tena. Ukishuku vitu 16, majaribio 4 yanatosha kukibakisha kimoja. Dizeli nayo ina njia yake: tenki, bomba, filta, pampu, nozeli. Kwa nini tusiigawe?

Hebu tujaribu:

1. Legeza kifuniko cha tenki. Nguvu zikirudi, umemaliza.
2. Chomoa mpira unaoleta dizeli kwenye filta, unganisha mpira mwingine uliozama ndani ya jerikani ya dizeli safi, toa hewa kwa pampu ya mkono, washa. Injini ikinguruma vizuri, ubovu uko nyuma, kwenye tenki au bomba. Ikikataa, songa mbele.
3. Mwaga dizeli ya chini ya filta kwenye chupa, iache itulie. Maji yatakaa chini.
4. Baada ya filta weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Ukiona mapovu, kuna mahali hewa inaingia, hata kama hakuna dizeli inayovuja nje.

Ni hapo tu ndipo uishuku pampu na nozeli. Na tafadhali, usilegeze bomba za nozeli za injini hizi mpya wakati inanguruma. Dizeli hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Mafundi watasema dizeli chafu ndiyo inayoua pampu. Kweli kabisa. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Lakini hiyo ni sababu zaidi ya kuanzia tenkini! Ukifunga pampu mpya juu ya dizeli ileile, nayo itakufa.

Kwa maoni yangu shida si ujinga wa mafundi. Shida ni malipo. Fundi analipwa akibadilisha kitu, halipwi akitafuta ubovu. Wenye magari, kubalini kulipia nusu saa ya uchunguzi. Ni rahisi kuliko pampu.