Projekti haijaisha hadi karani wa stoo aitumie

Kila msimu wa atachi ukifika, kuna mada moja inayosikika kila chuo kama wimbo mpya kwenye matatu: kuhamisha shughuli za kampuni kutoka kwa karatasi hadi dijitali. Bosi anaipenda kwa sababu inasikika ya kisasa. Msimamizi chuoni anaipenda kwa sababu inaingia vizuri kwenye sura tano. Wewe unaipenda kwa sababu una laptopu na bando. Miezi mitatu baadaye ripoti imefungwa kwa jalada gumu, imepigwa muhuri, iko kabatini. Karani wa stoo bado anaandika kwenye kaunta buku ileile.

Wasee, tuambiane ukweli. Huo utafiti haujaisha. Umekabidhiwa tu.

Mfano tunatembea nao mfukoni. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini kazi ya kuijaribu ilianza 2005, na haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Safaricom na Vodafone, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu, walitaka wakopaji wapokee na kulipa mikopo yao kwa simu. Majaribio yakafanyika Nairobi na Thika. Waliokuwa wakiyaendesha wakaona watu wanafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Walikuwa wanatumiana pesa wao kwa wao, na wengine wanaweka pesa kwenye simu ili wasisafiri na noti. Upande wa mikopo nako, kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya hesabu kulikuwa kibarua kigumu. Basi huduma ikarahisishwa, ikaletwa sokoni kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Kilichosaidia hapo si ripoti nene. Ni watu waliokaa na watumiaji, wakaona wanachofanya, wakakubali kubadilisha mpango wao.

Sasa linganisha na projekti zetu. Tunasambaza hojaji: "Je, unakubali kwamba dijitali huboresha kazi?" Nani atajibu hapana bosi akiwa mlango wa pili? Tunapata asilimia kubwa ya kukubali, tunachora grafu, tunapendekeza kampuni inunue mfumo. Hapo hatujajifunza kitu.

Jaribu hivi. Shika oda moja ya mteja, uifuate tangu inapoingia hadi mzigo unapotoka na pesa inapolipwa. Imepita mikononi mwa watu wangapi? Imeandikwa upya mara ngapi? Imelala mezani kwa nani, na kwa nini? Unaweza kukuta kinachochelewesha ni sahihi ya mkubwa mmoja anayeshinda nje ya ofisi. Hiyo haitibiwi na programu. Ukihamisha foleni ya karatasi kwenye kompyuta, unapata foleni ya kompyuta. Ndiyo maana kuna ofisi unajaza fomu mtandaoni, kisha unaambiwa uichapishe, uweke sahihi, uiskani na uitume tena.

Halafu kuna karani mwenyewe. Anaona kijana wa atachi akihesabu dakika zake, na anajiuliza kama mwezi ujao atakuwa na kazi. Hofu hiyo ni ya haki. Ukimficha unachopima, naye atakuficha anachojua, na yeye ndiye anajua ni mteja gani hulipa nusu na dereva yupi husahau risiti. Mwambie wazi. Kwenye ripoti, usiishie kuandika mfumo utaokoa saa ngapi. Andika pia yeye atafanya nini na hizo saa. Na majina na namba za wateja yasiishie kwenye laptopu yako. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019.

Usisahau pia siku mfumo utakapolala. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, watu walikwama wakitafuta huduma za serikali. Kama serikali inaweza kukwama, duka la jumla pale Kirinyaga Road pia linaweza. Andika watafanya nini stima ikipotea, kabla hujawaambia watupe kaunta buku.

Najua utasema nini: mimi ni wa atachi tu, silipwi, sina mamlaka, na chuo kinataka nakala zilizofungwa. Ni kweli, na hapo kampuni na vyuo vina lawama yao. Kampuni inayotaka kijana aichunguze kazi yake yote impe angalau nauli na lunchi, na jina lake libaki kwenye kazi hiyo. Vyuo navyo vitoe alama kwa kilichobadilika kazini, si kwa unene wa sura ya pili.

Lakini usingoje wabadilike. Chagua hatua moja tu, kwa mfano kurekodi bidhaa zinazotoka stoo. Tafuta watu wawili walio tayari na muijaribu wiki moja, hata kama ni kwa jedwali la Excel. Pima kabla, pima baada. Kisha usiende stoo kwa siku mbili. Wakiendelea bila kukupigia simu, projekti imeisha. Wakirudi kwenye kaunta buku, hayo pia ni matokeo, yaandike na useme kwa nini.

Mtu ataniuliza: wewe uliyeacha chuo katikati unatufundisha nini kuhusu projekti? Kitu kimoja tu. Huku nje ukienda kutafuta kazi, ni wachache watakaofungua jalada lako. Watakuuliza ulifanya nini, na kama bado kinatumika. Hakikisha una jibu.