Umri wa Mtoto Haubadiliki kwa Kalamu

Wasomaji wetu wengi ni makarani, nao wajua kazi ya kalamu. Karani aweza kusahihisha tarehe katika daftari, lakini hawezi kumwongezea mtu mwaka mmoja wa maisha. Twasema hayo kwa sababu ya mambo yaliyotendeka katika jimbo la Louisiana, nchi ya Marekani.

Marekani ilifungua mahakama yake ya kwanza ya watoto mwaka 1899, mjini Chicago. Lakini Louisiana, kwa miaka mingi, ilimhesabu kijana wa miaka 17 kuwa mtu mzima akishitakiwa. Mwaka 2016 Baraza la kutunga sheria likakubali kuondoa aibu hiyo. Na ilipofika Julai 2020 vijana wote wa umri huo walikuwa wamewekwa chini ya sheria ya watoto. Furaha haikudumu. Mwaka 2024, katika mkutano usiozidi majuma mawili, Baraza lilelile likabomoa lililojengwa. Gavana Jeff Landry akatia sahihi, na tangu Aprili mwaka ule kijana wa miaka 17 ni mtu mzima tena mbele ya hakimu.

Basi twauliza: kijana huyo alikuwa mtoto mwezi wa Machi, alikula nini hata akakomaa Aprili?

Watetezi wa sheria hiyo wasema raia wamechoka kuibiwa na kuuawa. Uchungu wao hatuudharau. Aliyefiwa ana haki ya kulia. Lakini hata kabla ya 2024, kijana wa miaka 15 aliyeshitakiwa kwa kuua aliweza kupelekwa mahakama ya watu wazima. Mtego wa muuaji ulikuwapo tayari. Sheria mpya yamnasa aliyeiba kitu dukani, na jina lake laandikwa katika daftari ambalo mwajiri aweza kulisoma hata uzeeni mwake. Naye, kwa kuwa hajatimiza miaka 18, hana kura ya kumkataa mjumbe aliyemwita mtu mzima! Ni mtoto penye haki, ni mtu mzima penye adhabu.

Wenyeji wenyewe hawakunyamaza. Machi 2025 waliulizwa kwa kura kama Baraza lipewe uwezo wa kuongeza makosa ambayo kwayo hata walio chini ya miaka 17 wahukumiwe kama watu wazima. Karibu wawili katika kila watatu walikataa.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2022, iliinua umri wa mtoto kuweza kuhesabiwa hatia kutoka miaka 8 hadi 12. Ni jambo jema. Lakini jema lililoandikwa kwa wino laweza kufutwa kwa wino. Sisi tushikao majalada na tuwe walinzi wake, tusiwe mashahidi tu wa kufutwa kwake.