Mazoezi ni Tiba, na Chombo cha Tiba Hutunzwa

Mtaalamu wa afya anayemwandikia mgonjwa dawa ya shinikizo la damu humweleza mambo matatu: kiasi, muda na namna ya kuihifadhi. Anapomwandikia mazoezi, mara nyingi huishia kwenye mawili ya kwanza. Humwambia atembee nusu saa kila siku, na akisikia kuwa mgonjwa anayo nyumbani mashine ya kukimbilia, ile ambayo wengi huiita tredmili, humpongeza na kuagana naye. Ni nadra kumwuliza mashine hiyo ilitiwa mafuta lini. Swali hilo si la fundi peke yake. Ni swali la kitabibu, na mahali pake ni kliniki.

Ni kweli kwamba katika Bonde la Kilombero watu walio wengi hawaihitaji mashine hiyo. Mkulima anayelima, kupandikiza na kuvuna mpunga, au anayesukuma baiskeli yenye gunia kutoka shambani, huenda amekwisha kuvuka kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, yaani dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini Ifakara ni mji unaokua. Wamo watumishi wa ofisini, wafanyabiashara wanaokaa dukani kutwa na wastaafu wenye kisukari. Wakati wa masika njia hujaa matope, na mto Lumemo ukifurika mitaa mingine haipitiki. Kiangazi jua ni kali na vumbi ni jingi. Aliyepata kiharusi naye anahitaji mahali palipo sawa penye vishikio. Kwa watu hao mashine ya nyumbani si fahari, bali ni njia ya kuendelea na tiba mwaka mzima.

Mashine hiyo ni sahili kuliko inavyoonekana. Mkanda mpana huzungushwa na mota juu ya roli mbili, na chini yake upo ubao unaobeba uzito wa mtumiaji. Kati ya mkanda na ubao hutakiwa kuwapo utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ukikauka, msuguano huongezeka. Mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi, hupata joto, na mwishowe huungua yenyewe au huunguza kifaa kinachoiongoza. Vumbi la kiangazi likipenya chini ya mkanda huharakisha uharibifu huo, na umeme unaopungua nguvu mara kwa mara huuzidisha.

Hata hivyo, kabla mota haijaungua, mgonjwa huwa amekwisha kuingia hatarini. Mkanda mkavu hukwama kidogo kila mguu unapotua, kisha hufyatuka. Kijana mwenye afya atayumba na kucheka. Mzee mwenye mifupa dhaifu aweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aweza kuvuja damu ndani ya fuvu kwa pigo ambalo kwa mwingine lingekuwa dogo. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi hatambui mapema kwamba mkanda umebadilika. Zaidi ya hayo, mkanda unaoteleza juu ya roli waweza kwenda polepole kuliko kasi inayoonyeshwa kwenye kioo. Hapo daktari na mgonjwa hawajui tena dozi halisi iliyotumika.

Matunzo yenyewe hayachukui hata nusu saa. Kwanza mashine huchomolewa kwenye umeme. Kisha mkanda huinuliwa pembeni na vidole hupitishwa juu ya ubao. Vikitoka vikavu, wakati wa kutia mafuta umefika. Yanayofaa kwa mashine nyingi ni mafuta ya silikoni tupu. Hudondoshwa kidogo chini ya mkanda, pande zote mbili kuelekea katikati, kisha mashine huwashwa na mtu hutembea kwa kasi ndogo dakika chache ili yasambae. Mkanda ukihamia upande mmoja, skrubu ya nyuma ya upande huo hukazwa kwa spana robo mzunguko, si zaidi, na kutazamwa tena. Vumbi hufutwa kila wiki. Kwa kuwa zipo mashine ambazo ubao wake umepakwa nta na hazitakiwi kutiwa mafuta kabisa, kijitabu cha mashine ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kosa linalopaswa kukemewa ni kutumia chochote kilicho karibu. Oili ya gari, mafuta ya kupikia na dawa za kupuliza za kulegeza kutu si mbadala wa silikoni. Baadhi yake hudhoofisha mkanda, mengine hunata na kukusanya vumbi, na yakizidi huufanya mkanda uteleze.

Wapo watakaosema kwamba wahudumu wa afya wana kazi nyingi mno kuongezewa ya ufundi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini jibu lake ni fupi. Muuguzi anayefundisha kuchoma insulini hufundisha pia kutunza sindano na chupa, na hakuna anayeita hayo ufundi. Kinachoombwa ni maswali manne: Mashine ilitiwa mafuta lini? Mkanda unakwama au kuteleza? Kamba ya usalama inayozima mashine hufungwa kwenye nguo kila mara? Watoto huzuiwaje kuikaribia? Swali la mwisho lina sababu yake: mkanda unaokwenda huunguza vibaya viganja vya watoto wadogo, na makovu ya kiganja huweza kukunja vidole. Mgonjwa naye akumbushwe kutumia kasi ya chini na kukaa karibu na vishikio, kwa kuwa umeme ukikatika mkanda husimama bila kumwarifu.

Wajibu huo huo unavihusu vituo vya afya. Mashine ya mazoezi ya viungo inayopokelewa kwa hotuba, bila fungu la mafuta na bila mtu aliyepewa jukumu la kuitunza, imeanza kufa siku ya mapokezi.

Wakazi wa Kilombero hawana haja ya kufundishwa kanuni hii upya. Wanaijua kupitia baiskeli: cheni kavu hulia, humchosha mpandaji na hukatika mbali na nyumbani, kwa hiyo hutiwa mafuta kabla ya safari. Kilichobaki ni wahudumu wa afya kuipeleka busara hiyo kwenye mashine iliyomo ndani ya nyumba, na kuiandika kwenye kadi ya mgonjwa pamoja na dakika za mazoezi.