Joto Linatangulia Maziwa

Mwezi huu tuongee juu ya yatima mmoja aliyeletwa Goma.

Mwezi wa sita mwaka 2007, walinzi wa parke ya Virunga walikuta gorila jike amepigwa risasi. Mtoto wake wa miezi miwili alikuwa angali amemshikilia mama aliyekwisha kufa. Wakamtoa, wakamleta mjini. Usiku ule mlinzi André Bauma alimlaza juu ya kifua chake wazi, akamkumbatia mpaka kukakucha. Mtoto huyo, Ndakasi, alipona.

Mbona kifua, si kikapu chenye blanketi? Ni kwa sababu mtoto wa gorila, miezi yake ya kwanza, anakaa mwilini mwa mama mchana na usiku. Pale anapata joto, maziwa na usalama. Biberoni inaleta maziwa tu. Akina mama, munajua jambo hili: hata mtoto wetu aliyezaliwa mbele ya siku zake anafungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.

Mwezi wa saba mwaka uleule, gorila wa jamaa ya Rugendo waliuawa, na mtoto mwingine, Ndeze, akabaki yatima. Bauma na wenzake wakawalea wote wawili, wakiwalisha na kucheza nao. Baadaye wakahamishiwa kituo cha Senkwekwe, kule Rumangabo. Ndakasi aliishi miaka 14. Tarehe 26 mwezi wa tisa 2021, kisha ugonjwa wa muda mrefu, alikufa mikononi mwa Bauma yule yule.

Sasa nyinyi munaokaa karibu na machimbo: mtu akitoka msituni na kuwauzia mtoto wa gorila au shimpanze, musinunue, hata kwa huruma. Mama haachilii mtoto wake, anauawa kwanza. Ukilipa leo, muwindaji atarudi kutafuta mwingine. Wala usimfiche nyumbani, maana mafua yetu yanaweza kumwua. Pasha walinzi wa parke habari mapema. Vituo vya yatima hao vilianzishwa, kama Kasugho kwa gorila na Lwiro kwa shimpanze.

Usiku mmoja uliokoa Ndakasi, lakini kumlea kulidai miaka. Je, kwenu nani ni dhaifu mwezi huu? Umkaribie, tena usichoke upesi.